Ramani Uliyomchorea Koko

Mapendo, mwanangu,

Umetoka hapa saa nane kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na umesema utarudi saa kumi na mbili. Basi nina saa nne, ukitoa muda wa kupata ujasiri. Kesho asubuhi unapanda ndege kwenda Kigoma, mwaka mzima, kuwazalisha kina mama katika mji uliotupokea toka Kongo na kukulea, na mimi nabaki hapa Koekelberg, Brussels, na sufuria zisizomfaa mtu mmoja. Mambo ya pasipoti, chanjo na chandarua sitayaandika. Maman Solange wa kanisani amekujaza kichwa tangu Jumatatu, na akikumbuka kitu kingine atakupigia hata ukiwa kwenye foleni ya ndege.

Naandika kwa sababu ya ukuta. Leo asubuhi nimetoka bafuni nikaona alama nne za selotepu kwenye korido, pale ilipokaa ramani yako miaka yote hii. Nikakuuliza iko wapi. Ukasema, huku unakunja sweta na kuitia kwenye begi la safari, "Iko mu valise, Papa. Nitaionyesha Koko pale kwenye kaburi. Si nilimuchorea yeye?" Nikasema ni wazo zuri. Kisha nikarudi bafuni nikafungua bomba, na sikuwa na cha kunawa.

Kwenye kaburi la bibi yako Koko kuna msalaba wa saruji, na kwenye msalaba kuna tarehe. Utaisoma. Si tarehe niliyokuambia mimi.

Sasa nimeshasema, nitaendelea. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne kabla sijawa msukuma vitanda vya wagonjwa, kwa hiyo nitakwenda kwa mpangilio, nawe univumilie.

Mama yako hakuishi wiki mbili baada ya kukuzaa. Koko, mama yangu mimi, alikuchukua, na nilipotangulia kuja Ubelgiji ukiwa na miaka minne, ukabaki mgongoni kwake. Ulinifuata ukiwa na minane. Miezi mitano ya kwanza hukusema na mtu hapa Brussels. Ulisema Jumapili tu, kwenye simu ya shangazi yako Mwamini, na Koko akiwa upande wa pili. Mimi ulinitazama kama mgeni aliyekosea mlango. Ili ule, nikakuahidi kwamba Koko naye atakuja kututembelea. Ukala. Nikaona dawa imefanya kazi, nikaongeza kipimo: nikakuambia karatasi zake za viza ziko ofisini, tunangoja jibu.

Hazikuwa ofisini. Zilikuwa kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya vyombo. Kila nilipozitoa nilisema kesho. Sababu nilizojipa ni nyingi, ila ya kweli ni moja, nayo inanitia aibu hadi leo. Nilikuwa nimemwambia mama yangu kwamba nafanya kazi na madaktari. Sikutaka aje hospitali ya Jette anione mimi, mwanawe mwalimu, nikisukuma kitanda kwenye korido ndefu huku muuguzi wa rika lako la leo akiniita kwa kidole. Basi alingoja kwa sababu ya kiburi changu, na wewe ulingoja pamoja naye miaka mitatu.

Ulipofika miaka kumi na mmoja ikaja ile likizo ya vuli. Jumapili kabla ya likizo Koko alikuuliza mji tunaokaa unafananaje, na wewe ukamweleza shule, kanisa na duka la Mturuki. Nilikuwa karibu, nilimsikia akicheka. "Mapendo, unaishi mu muji ya mufalme na unajua tu masomo na kanisa? Utembee, uone, kisha unieleze siku ya Mungu ijayo." Ukamwambia utamchorea kabisa, mitaa yote. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yenu. Yashike, nitayarudia.

Jumatatu asubuhi chai ilikuwa mezani. Wewe ulikuwa koridoni unafunga kamba za viatu, daftari kwapani. Simu ikalia, nikasikia sauti ya shangazi yako, aniitaye Yaya kwa kuwa mimi ni kaka yake mkubwa: "Yaya, ikaa kwanza."

Unajua maana ya maneno hayo. Kwetu habari ya msiba haipewi mtu aliyesimama. Unaketishwa kwanza, glasi ya maji inawekwa karibu, na mtu mzima anakaa upande wako akushike ukianguka. Mwamini alikuwa mbali, hakuwa na kiti cha kunipa, akanipa maneno tu. Sikukaa. Akasema mama ameamka vizuri, ameomba uji, na uji ulipofika hakuwepo tena.

Kazi ya kukuketisha wewe ilikuwa yangu. Kiti kilikuwepo, maji yalikuwepo. Nikageuka, na wewe ukauliza, "Papa, on y va? Tuanzie pale juu ya Basilika, tuone yote, kisha tuchague." Macho yako yalikuwa yanang'aa. Tangu ufike nchi hii sikuwa nimeyaona hivyo. Na nyuma ya macho hayo niliona swali utakaloniuliza mara tu baada ya kulia: si ulisema karatasi ziko ofisini?

Nikasema, twende.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilizunguka Brussels nzima na imechukua miaka kumi na mmoja.

Unakumbuka tulivyosimama juu ya Basilika, upepo ukitaka kukunyang'anya daftari. Mji ulikuwa chini yetu, miti ya bustani imegeuka njano, nawe ukaanza kuchora kwa kalamu ya bluu. Siku ya kwanza tulikwenda mitaa ya zamani karibu na Grand-Place, ule uwanja mkuu wa mji. Nilikusomea majina ya barabara: soko la kuku, soko la majani, soko la makaa. Ukasimama katikati ya watalii. "Papa, donc hapa waliuza kuku, pale majani, kule makaa? Ni Kigoma tu hii, ila ya mawe." Nilicheka, Mapendo. Nilicheka kweli, na ndani ya kicheko hicho nikakumbuka sina mama. Tulipofika kwa yule mtoto wa shaba anayekojoa, uliudhika kwa udogo wake ukaandika kwenye ramani: *mtoto anakojoa, hakuna wa kumkanya.* Ukasema Koko atacheka sana hapo. Nikakuambia ndiyo, atacheka.

Simu niliitoa mlio nikaiweka mfuko wa ndani wa koti. Ilitetemeka mchana kutwa kifuani pangu. Kila ulipoinamia daftari nilitazama nani, na walikuwa watu wa pole.

Jumanne tukashuka mtaa wa Marolles kwa ile lifti ya vioo iliyo karibu na jumba la mahakama. Nilipanga njia zetu kama mhalifu. Matonge, mtaa wa Wakongomani wenzetu, hatukwenda, nilikuambia ni mbali, wakati Matonge haikuwa mbali hata kidogo. Niliepa kila mahali ambapo Mkongomani anaweza kunishika mkono. Nikasema moyoni, soko la vitu vikuukuu la Marolles ni la wazungu na Wamoroko, huko nani atatujua. Ulikuwa umechuchumaa mbele ya sanduku la vijiko vya kale nilipomwona Maman Solange anatujia, kitambaa cheusi kichwani, mikono miwili mbele, kama tunavyomshika mfiwa.

"Papa Mapendo," alianza, machozi tayari. "Minatoka sasa hivi kuongea na ba maman ba kwaya, tutakuya kwako mangaribi ku dix-huit heures, tutaleta na..."

Nilimvuta pembeni. "Maman Solange, tafazali. Mutoto hajui bado."

Akanitazama. "Hajui? Tangu jana? Na unamutembeza hapa?"

"Nitamwambia."

"Quand?"

"Kesho."

"Mutazika quand?"

"Mercredi."

"Mercredi ni kesho, Papa Mapendo." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo sijui kama lilikuwa wema. Alikwenda kwako akachuchumaa, akauliza kwa sauti ya sokoni, "Mapendo, mutoto yangu, unatafuta nini mu ile bijiko byote? Kwenu hamuna bijiko?" Ukacheka ukamwonyesha ramani. Akaisifu. Aliponyanyuka hakunitazama.

Jioni ile walikaa kilio nyumbani kwake. Watu kumi na tano, nyimbo, chai, biskuti, na mfiwa hayupo. Mfiwa alikuwa kwake anakukaangia viazi. Nchi nyingine wangeniumbua. Sisi hatuumbuani, tunastiriana, na kwa kustiriana huko kanisa zima likaingia katika uongo wangu bila mtu kuulizwa kama anataka.

Jumatano ni siku ambayo ningeitoa maishani kama ingewezekana. Uliomba kwenda Laeken kwa sababu uliona mnara wa kanisa lake toka juu ya Basilika. Tulipofika, watu walikuwa wanaingia makaburini pembeni ya kanisa, kila mmoja na chungu cha maua, ya dhahabu na ya zambarau.

"Ni fête gani, Papa?"

Nikakueleza kwamba ni sikukuu ya wafu, Wabelgiji wiki hii huwapelekea maua wafu wao.

"Na sisi? Mama eko Kigoma. Nani anamupelekea?"

"Koko."

Ukafikiri. "Na Koko akichoka?"

Simu ikatetemeka. Ilikuwa saa saba kwetu, saa tisa kwao. Nilikuambia uchague chungu kimoja kwa yule mama muuza maua, nikasogea ukutani hatua kama kumi. Nilisikia watu wengi wanaimba, na sauti ya Mwamini juu yao. "Yaya, banashusha sanduku. Weka mutoto kwa simu, aage Koko yake. Tunangojea yeye tu."

Wewe ulikuwa unanusa maua. Hatua kumi, Mapendo. Ningekuita kwa jina na ungekuja mbio.

"Eko masomo," nikasema.

"Masomo? Si uliniambia beko likizo?"

Nikakata simu. Mama yangu aliteremshwa ardhini watu wakimngoja mjukuu wake, na mimi nilizima simu kwa kidole gumba. Uliporudi na chungu chako uliuliza ni nani, nikajibu ni kazini. Ukasema tumpigie Koko umweleze habari ya maua. Nikasema simu ya shangazi haina chaji. Yale maua uliyabeba kwenye tramu mapajani hadi nyumbani, ukayaweka dirishani Koko ayaone akija.

Jumamosi nilishindwa kuendelea. Alikuja Maman Solange na wazee wawili wa kanisa. Tulikuketisha, tukaweka maji, Maman Solange akakaa upande wako. Tulifuata adabu zote, tukakudanganya siku. Tulisema Koko amefariki jana, Ijumaa, na mazishi yamefanyika haraka. Ulilia hadi ukalala sakafuni na ramani. Kuhusu karatasi hukuuliza kitu. Lile swali lililonikimbiza siku tano hukuniuliza kabisa.

Nilijiambia basi, limepita, mtoto alipata siku tatu za furaha, kosa liko wapi? Nilikaa na hesabu hiyo miaka mitano. Kisha jioni moja, ukiwa na kumi na sita, tulikuwa tunaosha vyombo, wewe unaosha na mimi nafuta, ukasema bila kunitazama: "Papa, ile wiki yote Koko alikuwa hai na sikumupigia hata mara moja. Nilikuwa naruka-ruka mu Marolles. Alikufa ananingojea."

Nilikuwa na kitambaa mkononi. Nilichotakiwa kusema kilikuwa na maneno machache tu. Nikasema, "Ulikuwa mtoto," nikaweka sahani kabatini. Tangu siku hiyo nimejua kwamba sikukupa siku tatu za furaha. Nilikupa hatia isiyo yako, ukakua nayo, na nadhani nusu ya sababu inayokupeleka Kigoma ni hiyo. Unakwenda kuomba msamaha kwenye kaburi.

Sikia basi, maana hili ndilo nililoketi kuandika. Koko hakukungojea. Alikufa Jumatatu asubuhi, kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Maneno yenu ya mwisho ni ya Jumapili, na yalikuwa mazuri: alikuambia utembee, ukamwambia utamchorea, mkacheka wote wawili. Ukamtii. Kila hatua uliyopiga kwenye mawe yale ulikuwa unafanya alichokutuma. Hukumsahau hata saa moja. Aliyemwacha azikwe bila sauti yako ni mimi, na sikufanya hivyo kukulinda. Nilifanya kwa sababu niliogopa mtoto wa miaka kumi na mmoja atanitazama tena kama mgeni.

Koko alikuwa na msemo akiwashauri wanawake wa mtaani pale Kigoma: mficha uchi hazai. Akiusema anacheka, na wao wanaficha uso kwa kanga. Wewe mkunga unaujua vizuri kuliko mimi. Huko uendako kuna siku utasimama mbele ya mama aliyezaa mtoto asiyelia. Miguu yako itataka kwenda kutafuta shuka, kumwita daktari, kufungua dirisha, kwenda popote. Naijua miguu hiyo, umeirithi kwangu. Sina ushauri wa maana zaidi ya kukuambia ilivyo: mwanzoni unaona unampumzisha mtu, baadaye unagundua umejipumzisha mwenyewe. Ukae naye. Nadhani utaweza, maana hukulelewa na mimi peke yangu.

Sitaki ufikiri nimekuwa shujaa leo. Wiki iliyopita Mwamini alinipigia. Akasema, "Yaya, mutoto anakuya. Nilinyamaza miaka yote juu yako. Mbele ya kaburi ya mama sitasema uongo." Ni yeye aliyenisukuma, na zile alama za selotepu. Na hata hivyo wazo langu la kwanza lilikuwa kuichomeka barua hii ndani ya valise yako, katikati ya ramani, uikute Kigoma nikiwa maelfu ya kilomita mbali. Nimekwenda hadi chumbani kwako. Nimefungua zipu. Nimesimama pale na karatasi mkononi, nikaona kwamba hii ni Laeken tena, hatua kumi, na mimi nakata simu.

Nimefunga zipu. Barua hii nitakupa mkononi leo, nikiwa nimekaa kando yako. Valise sijaigusa zaidi ya hapo, utaikuta ulivyoipanga.

Unaweza kukasirika. Unaweza kesho kwenda na Maman Solange uwanja wa ndege na kuniacha hapa, nitaelewa, na nitaumia. Unaweza kukaa Kigoma miezi usinipigie. Nakupenda, na ninaogopa, na sitakuomba chochote leo, hata msamaha, kwa sababu ukinipa msamaha huo mwenyewe toka moyoni utakuwa wako, na nikiulazimisha utakuwa wangu tena. Zile karatasi za Koko nimezitoa kwenye droo. Ziko hapa mezani, na fomu yake ina jina lake kwa mwandiko wangu na mistari mingine yote mitupu. Ukitaka uliza, nitajibu yote, na hakuna jibu litakalongoja kesho.

Ni saa kumi na mbili kasoro. Nimepasha moto mboga, kisha nikazima, maana sijui kama utakula. Nimevuta kiti chako kikaangalia dirisha, na changu nimekiweka upande wake. Glasi ya maji iko karibu na mkono wako wa kulia. Nasikia lifti inapanda.

Ikaa kwanza, mwanangu. Koko amefariki.

Papa yako